Kabla Kompyuta Haijatoka Dukani: Mwongozo wa Kusasisha Mashine Unazouza

Kila wiki maswali ni yale yale kutoka kwa vijana wanaoanza kuunganisha na kuuza kompyuta. "Nimepiga Windows, mashine inawaka vizuri, masasisho si nimwachie mteja?" "Nikisasisha mwenyewe, niingie kwa akaunti ya nani?" "Mbona nikimaliza leo, kesho inadai mengine?" Nayajibu yote hapa, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe inakwenda mezani.

Mteja asiachiwe. Mwanafunzi aliyechukua laptopu kwako Kariakoo au Luthuli Avenue anakwenda nayo chumbani akiwa na bando la simu tu. Sasisho moja la mwezi la Windows 11 huweza kuzidi GB 1, na mashine iliyopigwa Windows ya zamani inadai hilo pamoja na draiva (programu zinazoendesha vifaa), Defender (kinga ya virusi ya Windows) na programu za Store (duka la programu la Microsoft) kwa wakati mmoja. Bando linakatika kabla hajafungua hata barua pepe, na kesho yake yuko mlangoni kwako akisema umemuuzia mashine mbovu. Wewe una intaneti isiyopimwa kwa GB, una umeme wa akiba na unajua unachokifanya. Hiyo ni kazi yako, na iingie kwenye bei.

Kuna na usalama. Kirusi cha kompyuta kiitwacho WannaCry kilipoenea tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hadi hospitali za Uingereza, kiraka cha kuziba tundu la Windows kilichopitia kilikuwa kimeshatolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi. Zilizoanguka ni mashine ambazo hazikuwa zimewekewa. Mashine unayoitoa dukani bila viraka inatoka na matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua tayari.

Vitu vya kuwa navyo

- Flashi mbili: moja ya GB 8 au zaidi kwa ajili ya Windows, nyingine ndogo iliyofomatiwa FAT32 kwa ajili ya BIOS, programu ya msingi ndani ya ubao mama inayoiwasha mashine.
- Waya wa mtandao na swichi ndogo. Waifai mara nyingi haina draiva mara tu baada ya kupiga Windows, ilhali waya hukubali. Kwa laptopu zisizo na tundu la waya, weka adapta moja ya USB ya LAN.
- UPS (kifaa cha umeme wa akiba) kwa kompyuta za mezani. Kwa laptopu, chaja inayofanya kazi na betri inayoshika chaji.
- Betri kadhaa za CR2032. Ni za bei ndogo, na utaona hapa chini kwa nini.
- Daftari. Kila mashine na mstari wake: namba ya mfululizo (serial number) ya mashine, tarehe, toleo la BIOS, toleo la Windows.

Amua kwanza mashine inafaa mfumo gani

Msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza wa viraka kwa watumiaji wa kawaida unafika tarehe 13 Oktoba 2026 tu, na unadai mtumiaji ajiandikishe mwenyewe. Kwa hiyo usiiuze Windows 10 kana kwamba ni mfumo wenye miaka mbele yake.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel karibu zote zinaanzia kizazi cha 8, kwa AMD ni Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Hayo ni ya kiwango cha chini kabisa. Mimi simpi mteja Windows 11 kwenye GB 4 za RAM, maana mashine itakuwa nzito tangu siku ya kwanza.

Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokidhi. Zinafanya kazi hadi siku toleo jipya litakapotoka na kukataa kuingia, na siku hiyo mashine iko mkononi mwa mteja. Laptopu ya kizazi cha 6 au 7 iwekee Linux Mint, mfumo wa bure usio wa Microsoft. Maelezo yako mbele.

Halafu leseni. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows 8 au zaidi kwa kawaida zina ufunguo ndani ya BIOS, na Windows unayoipiga itausoma yenyewe. Ukitaka kuuona, fungua PowerShell uandike:

`(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Stika ya Windows 7 iliyobandikwa chini ya mashine, au ufunguo wa Windows 8 ulio ndani ya BIOS, havikusaidii tena: tangu Septemba 2023 Microsoft imefunga njia ya kuwasha Windows 10 na 11 kwa funguo za 7 na 8. Kwa kompyuta unayoiunganisha mwenyewe, nunua leseni na uiingize kwenye bei. Programu za kuvunja leseni usiziguse. Nyingi zinakutaka uizime Defender kwanza, na ukishaizima ili kumkaribisha mgeni usiyemjua, kazi yote ya kusasisha inayofuata haina maana.

Hatua za kazi

1. Safisha diski, weka saa sawa. Mashine iliyotumika ifutwe diski nzima. BIOS nyingi za laptopu za kiofisi zina sehemu ya kufuta SSD moja kwa moja, itumie. Kisha angalia tarehe na saa ndani ya BIOS. Ikiwa inarudi nyuma kila ukichomoa umeme, CR2032 imekufa. Ibadilishe sasa hivi, kwa sababu mashine yenye saa ya uongo haikubaliwi na seva za Windows Update, na utapoteza asubuhi nzima ukitafuta kosa mahali lisipo.

2. Sasisha BIOS kabla ya kupiga Windows. Wanaoanza wengi huiruka hatua hii, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi ikirukwa.

Kwa kompyuta za mezani unazounganisha mwenyewe, chukua mfano wa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14. Zile za mezani za wati 65 na zaidi zilikuwa na tatizo la kupokea volti kubwa kupita kiasi. Intel ilitoa marekebisho ya msimbo wa ndani ya prosesa, 0x129 mwezi Agosti 2024 na 0x12B mwezi Septemba 2024, na yanafika kwenye mashine kupitia BIOS ya ubao mama. Ubao uliokaa stoo tangu 2023 hauna marekebisho hayo. Prosesa ikishaharibika, BIOS mpya haiiponyi. Hapo fundi aliyeuza bila kusasisha amemuuzia mteja kitu kinachojila chenyewe.

Kwa upande wa AMD, ubao mama wa zamani wenye BIOS ya zamani unaweza usiitambue kabisa prosesa mpya, ukabaki unatazama kioo cheusi. Nunua bao zenye kitufe cha kuingiza BIOS bila prosesa. Vinginevyo weka kando prosesa moja ya zamani kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, kwa jina kamili la ubao pamoja na namba ya marejeo iliyochapishwa juu yake. Liweke kwenye flashi ya FAT32, ingia BIOS, tafuta sehemu ya kusasisha: ASUS wanaiita EZ Flash, Gigabyte ni Q-Flash, MSI ni M-Flash. Kwa laptopu za Dell, HP na Lenovo tafuta kwa namba ya mashine.

*Tahadhari:* umeme ukikatika BIOS inapoandikwa, unaweza kubaki na ubao uliokufa. Mashine ya mezani iwe kwenye UPS. Laptopu iwe na chaja na betri iliyojaa nusu au zaidi. Nyingi zitakataa zenyewe bila hivyo. Usibofye chochote, usifunge kifuniko, usiondoke. Na kama diski ina Windows iliyofungwa kwa BitLocker (zana ya Windows ya kufunga diski kwa ufunguo), isimamishe kwanza, la sivyo mashine ikiwaka itadai ufunguo wa tarakimu 48.

BIOS ikishaingia, rudi uhakikishe TPM na Secure Boot zimewashwa. Wakati mwingine sasisho hurudisha mipangilio ya kiwandani.

3. Piga Windows kwa flashi ya karibuni. Tengeneza flashi kwa Media Creation Tool ya Microsoft, na uitengeneze upya mara kwa mara. Flashi ya mwaka juzi inakupa Windows ya mwaka juzi, na kila mashine italipia kwa saa za kusasisha. Kuna na sababu nzito zaidi: flashi za Windows 11 toleo la 24H2 zilizotengenezwa zikiwa na masasisho ya kati ya Oktoba 8 na Novemba 12, 2024 zinaweza kuzaa mashine isiyopokea tena viraka vya usalama. Kama una flashi ya kipindi hicho, ifute leo.

4. Unganisha intaneti mara moja kwenye kurasa za mwanzo. Hii ni kwa laptopu zilizotumika, hasa zile za maofisi kutoka Ulaya, Dubai au Marekani. Windows ikifika kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, chomeka waya na uendelee hadi ukurasa wa akaunti. Likitokea jina la kampuni na kuombwa barua pepe ya kazini, mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Kufuta diski hakuondoi usajili huo. Anayeweza kuuondoa ni kampuni ile. Irudishe kwa aliyekuuzia. Wanaoruka hatua hii huuza mashine ikiwa nzima kabisa, na jina la kampuni hujitokeza siku mteja atakapopiga Windows upya.

5. Ingia hali ya ukaguzi. Hapa ndipo lilipo jibu la "akaunti ya nani". Ni akaunti ya hakuna mtu. Ukiwa bado kwenye kurasa za mwanzo, bonyeza Ctrl+Shift+F3. Kwenye laptopu nyingine itabidi uongeze Fn. Mashine itajiwasha upya na kukuingiza moja kwa moja bila akaunti wala nywila. Microsoft inaiita "Audit Mode", na imewekwa kwa ajili ya watengenezaji na wauzaji kama sisi. Kidirisha cha Sysprep, zana ya kuifunga mashine kwa ajili ya mteja, kitafunguka. Kifunge tu, utakirudia mwisho. Kila ukiwasha upya, utarudi humu humu.

*Tahadhari:* usifungue mashine ya mteja kwa akaunti ya Microsoft ya duka. Kwenye Windows 11 mpya diski hujifunga yenyewe mtu anapoingia na akaunti hiyo, na ufunguo wa kuifungulia unahifadhiwa kwenye akaunti iliyoingia. Ikiwa ni ya duka, siku mashine itakapoudai, mteja hana, na wewe pengine umeshabadilisha nywila au umehama.

6. Zuia Store isijisasishe kwanza. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsStore /v AutoDownload /t REG_DWORD /d 2 /f`

Store ikisasisha programu zake ukiwa humu, Sysprep inaweza kugoma wakati wa kufunga. Utaifungulia tena baadaye.

7. Draiva. Anza na zana ya mtengenezaji: Dell Command Update, HP Image Assistant, Lenovo System Update. Kwa mashine uliyounganisha, chukua draiva za chipu na mtandao kutoka ukurasa wa ubao mama, na za kadi ya picha kutoka NVIDIA, AMD au Intel wenyewe. Vifurushi vya "draiva zote kwa pamoja" vinavyozunguka mitaani achana navyo. Huleta draiva za kubahatisha pamoja na programu ambazo hukuziomba. Ukimaliza, fungua Device Manager. Alama ya njano hata moja ina maana hujamaliza.

8. Windows Update, kwa mizunguko. Fungua Settings, kisha Windows Update, bofya "Check for updates". Acha ivute, iweke, iwashe upya. Rudi ubofye tena. Endelea mpaka iseme "You're up to date" mara mbili mfululizo, ukiwa umewasha upya katikati. Masasisho mengine hayajitokezi mpaka yaliyotangulia yaingie, ndiyo maana fundi anayebofya mara moja anadhani amemaliza.

Pita kwenye "Advanced options", halafu "Optional updates". Draiva za kifaa ambacho bado hakifanyi kazi zichukue. Sasisho lolote lenye neno "Preview" liache; hilo ni la kujaribisha, na lililokomaa litakuja mwezi unaofuata.

Kama una mashine nyingi mezani, okoa intaneti. Kwenye "Advanced options" ingia "Delivery Optimization", ruhusu kupakua kutoka kompyuta nyingine, uchague zile za mtandao wa ndani tu. Sasisha mashine moja hadi mwisho, kisha washa nyingine. Zitachukua sehemu kubwa kutoka kwa ile ya kwanza. Mpangilio huo una faida nyingine: kama sasisho la mwezi lina kasoro, limeharibu mashine moja, si kumi. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani kwa sababu lilitumwa kwa zote kwa mpigo. Tangulia na moja.

9. Defender na ukaguzi. Fungua Windows Security, sehemu ya virusi, usasishe orodha yake. Kisha andika `winver` kwenye Start, unakili namba ya toleo kwenye daftari. Hakikisha pia vyeti vipya vya Secure Boot vimefika, maana vya 2011 vinaanza kumaliza muda wake Juni 2026. Katika PowerShell ya msimamizi:

`[System.Text.Encoding]::ASCII.GetString((Get-SecureBootUEFI db).bytes) -match 'Windows UEFI CA 2023'`

Jibu likiwa True, kipo. Likiwa False, tafuta BIOS mpya zaidi na umalizie masasisho yote ya Windows. Mashine itaendelea kuwaka, lakini usiitoe ukiwa hujaweka hali hiyo kwenye daftari.

Jaribu na vitu vya kawaida: sauti, kamera, waifai, kufunga kifuniko na kufungua. Sasisho la draiva huweza kuua kimoja bila kukuambia.

10. Punguza takataka. `DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup` inaondoa mabaki ya masasisho yaliyopitwa. Usiongeze `/ResetBase`, kwa sababu utamnyima mteja uwezo wa kuliondoa sasisho litakalomsumbua.

11. Funga. Ifungulie Store:

`reg delete HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsStore /v AutoDownload /f`

Ukishaandika hiyo, chomoa waya wa mtandao hapo hapo. Kisha:

`C:\Windows\System32\Sysprep\sysprep.exe /oobe /shutdown`

Mashine itazimika. Mteja akiiwasha atakuta kurasa za mwanzo kama imetoka kiwandani. Usiiwashe tena "kuangalia tu".

Kama unataka kuinakili diski hiyo kwenda mashine nyingine, amri inabadilika: `/oobe /generalize /shutdown`. Hiyo `/generalize` inaondoa utambulisho wa mashine ya kwanza. Kunakili bila hiyo ni kosa hata kama mashine zote ni za aina moja. Kwa mashine moja inayokwenda kwa mteja mmoja, huihitaji, na kuiacha kunakuepusha na makosa mengi ya Sysprep.

12. Bandika lebo. Iandike tarehe uliyosasisha na toleo la Windows. Mteja anayejua kompyuta ataiona na kukuamini, asiyejua utamweleza.

Siku ya kuuza

Windows 11 itamdai mteja intaneti na akaunti ya Microsoft kwenye kurasa za mwanzo. Usimwache aende akapambane nalo nyumbani kwa bando. Mkalishe kwenye kaunta, mpe waifai ya duka, aandike barua pepe na nywila yake kwa mkono wake mwenyewe huku umegeukia kando. Mama au mzee asiyekuwa na barua pepe msaidie kuifungua, lakini nywila aiandike yeye kwenye karatasi yake. Kisha mwonyeshe mambo mawili tu: ufunguo wa BitLocker unapatikana kwenye account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa akaunti ile ile, na waifai ya simu yake aiwekee alama ya "Metered connection" ili masasisho mengi yasile bando.

Hapo lakini mwambie ukweli wa pili: angalau mara moja kwa mwezi aipeleke mashine penye intaneti nzuri na abofye mwenyewe. Mimi huwaruhusu wateja wangu waje dukani kusasisha bure. Wakija, wananunua chaja.

Kikitokea kikwazo

*Windows Update inaleta 0x80072f8f.* Karibu kila mara ni tarehe au saa. Rudi hatua ya 1.

*0x80072ee2.* Mtandao unakatika au ni mzito mno. Badilisha waya, jaribu laini nyingine.

*0x80070070.* Diski imejaa. Utaikuta kwenye laptopu ndogo za GB 64. Endesha Disk Cleanup, chomoa programu za majaribio.

*0x800f081f au 0x80073712.* Faili za mfumo zimeharibika. Endesha `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`, kisha `sfc /scannow`, uwashe upya. Ikiwa ndiyo kwanza umepiga Windows na kosa hili limetokea, usihangaike: jaribu RAM na diski, tengeneza flashi upya, piga tena. Windows mpya haipaswi kuharibika ndani ya saa moja, kwa hiyo tuhumu chuma.

*Sasisho limeganda kwenye asilimia ile ile.* Ngoja angalau saa moja, hasa kwenye diski za kuzunguka. Kisha, Command Prompt ya msimamizi:

`net stop wuauserv`
`net stop bits`
`ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old`
`net start bits`
`net start wuauserv`

*Bado linakataa.* Lipakue kwa mkono kutoka catalog.update.microsoft.com kwa namba yake ya KB. Kwa 24H2 na kuendelea, katalogi inaweza kukupa faili zaidi ya moja. Ziweke zote kwenye folda moja, kisha uelekeze DISM kwenye faili la sasisho unalolitaka: `DISM /Online /Add-Package /PackagePath:D:\sasisho\` ukimalizia na jina la faili. Lililotangulia italichukua yenyewe.

*Sysprep inasema BitLocker imewashwa, au 0x80310039.* Andika `manage-bde -off C:`, kisha `manage-bde -status C:` mpaka ionyeshe "Fully Decrypted". Ndipo urudie.

*Sysprep inagoma kwa 0x80073cf2.* Kuna programu ya Store iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja tu. Fungua `C:\Windows\System32\Sysprep\Panther\setupact.log`, mwishoni utaliona jina lake kamili. Iondoe kwa PowerShell: `Remove-AppxPackage` ikifuatiwa na jina hilo. Endesha tena, mara nyingine zinafuatana mbili au tatu.

Kwa mashine zisizofaa Windows 11

Linux Mint 22 ina viraka hadi 2029, na ina njia yake kwa wauzaji. Ukiwasha flashi, usichague ile ya kawaida; chagua "OEM install". Itakuwekea mtumiaji wa muda anayeitwa oem. Ingia, fungua Update Manager, weka yote, washa upya, rudia. Kwa BIOS za Dell, HP na Lenovo nyingi unaweza kutumia terminali:

`fwupdmgr refresh`
`fwupdmgr update`

Mwisho bofya ikoni iliyo kwenye skrini, "Prepare for shipping to end user", uzime. Mteja akiwasha ataweka jina na nywila yake, na mtumiaji wa muda atafutika. Mweleze kabla hajalipa kwamba si Windows, mfungulie LibreOffice na Firefox aone mwenyewe. Mashine za namna hii zinawafaa sana wanafunzi, lakini zisiuzwe kwa kuficha.

Mashine iliyokaa rafuni

Microsoft hutoa viraka vya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi, saa 2 usiku kwa saa zetu, au saa 3 usiku Marekani wanaporudisha saa nyuma. Hilo ndilo jibu la "mbona kesho inadai mengine". Weka Jumatano inayofuata iwe siku ya kazi hii: sasisha mashine moja, itumie hadi Ijumaa, ikiwa salama endelea na zilizobaki.

Iliyofungwa na haijauzwa, iwashe ifike kwenye ukurasa wa kuchagua nchi, bonyeza Ctrl+Shift+F3, rudia hatua ya 6, ya 8 na ya 9, ufunge tena. Badilisha tarehe kwenye lebo na kwenye daftari. BIOS iangalie kila baada ya miezi michache, si kila mwezi. Na yule mteja akija kuchukua mashine ambayo lebo yake ni ya mwezi uliopita, mwombe akupe saa moja anywe chai, uisasishe kwanza.